Shamba lililopumzishwa si pori: Ofisi ndogo ya sheria na utetezi wa ardhi ya kijiji Ufipa

MSAFIRI anayetoka Tunduma kwenda Sumbawanga wakati wa kiangazi huona nyasi. Huziona pande zote za barabara, zikikatishwa hapa na pale na kijiji, shule ya msingi, kundi la ng'ombe, kisha nyasi tena. Kama si mwenyeji wa uwanda wa juu wa Ufipa, ni rahisi kwake kudhani kwamba ardhi hiyo haina mwenyewe, na kwamba aliyeikuta tupu hamdhulumu mtu akiichukua.

Dhana hiyo ndiyo adui wa kwanza wa wakili anayetetea ardhi ya kijiji katika mkoa wa Rukwa. Mara nyingi wakili huyo hana jengo la ghorofa wala wasaidizi kumi. Ofisi za aina hiyo katika miji ya mikoani huwa na mawakili wawili au watatu, karani mmoja, mashine ya kudurufu na kabati la majalada, na siku nyingi huishi kwa kesi za mirathi, dhamana na mikopo ya benki. Kijiji kinapobisha hodi kikiwa na mgogoro wa maelfu ya ekari, ofisi hiyo hulazimika kufanya kazi ambayo katika nchi nyingine hufanywa na idara nzima.

Ili kuelewa kazi hiyo, inabidi kuanza na jembe. Wafipa ni wakulima wa muda mrefu wenye ustadi wao. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hukata majani na kuyafukia pamoja na udongo wa juu katika matuta ya mviringo, yanayojulikana kwa lugha yao kama intumba. Majani huoza ndani ya tuta na kuwa mbolea, maharage hupandwa juu yake, na msimu unaofuata tuta husambazwa ili ulezi upate nafasi. Baada ya mavuno ya miaka kadhaa, shamba huachwa lirudi kuwa majani hadi udongo upate nguvu, na hapo mwenyewe au mtoto wake hurudi. Kwa mpimaji aliyefika na ramani, eneo hilo ni pori. Mzee wa kijiji hulihesabu kuwa ni akiba.

Sheria ya Tanzania inayatambua macho yote mawili, na hapo ndipo penye tatizo.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi: Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Zote zilianza kutumika Mei 1, 2001. Zinaigawa ardhi yote ya nchi katika makundi matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema kwamba ardhi ambayo wanakijiji wamekuwa wakiikalia na kuitumia kwa kawaida katika miaka 12 kabla ya sheria hiyo kutungwa ni ardhi ya kijiji, na inataja waziwazi kwamba humo imo ardhi iliyokuwa imepumzishwa, ardhi ya malisho na njia za kuyafikia malisho hayo. Sheria ya Ardhi, kwa upande wake, inapofafanua ardhi ya jumla inaongeza maneno machache: ardhi hiyo ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika.

Mwanasheria wa mwekezaji husoma sheria ya kwanza, mwanasheria wa kijiji husoma ya pili, na kila mmoja huwa na kitabu halali mkononi. Kwa hiyo shauri linaweza kusimama au kuanguka kwa swali ambalo jijini Dar es Salaam lingeonekana la kijinga: majani haya yana umri gani, na nani alilima hapa kabla hayajaota?

Neno 'wenyeji' mbele ya hakimu

Mtu aliyezoea kusoma habari za mahakama za Canada au Australia angetarajia wakili wa Sumbawanga asimame na kusema kwamba wateja wake ni watu wa asili wa Ufipa, na kwamba haki yao ilikuwapo kabla ya serikali. Historia ingempa hoja. Simulizi za Ufipa zinataja utawala wa Milansi kuwa wa zamani kuliko tawala za Nkansi na Lyangalile zilizoufuata, na katika maeneo kadhaa ya uwanda huo kungali na mabaki ya tanuri ndefu za udongo zilizotumika kuyeyushia chuma.

Hata hivyo, hoja hiyo haina mlango wa kuingilia katika sheria za Tanzania. Nchi ilipiga kura ya kuunga mkono Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, Septemba 13, 2007, lakini haijaridhia Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu watu hao, na hakuna sheria ya Bunge inayolitenga kundi lolote la raia kwa jina hilo. Msimamo wa serikali kwa miaka yote umekuwa kwamba Watanzania Waafrika wote ni wenyeji. Jamii zinazotajwa zaidi katika majukwaa ya kimataifa ni Wahadzabe, Waakie, Wamasai na Wabarabaig. Wafipa hawamo.

Kwa Rukwa suala hili lina ncha nyingine. Tangu miongo ya mwisho ya karne iliyopita, bonde la Ziwa Rukwa limepokea wafugaji wengi, hasa Wasukuma, waliokuja na mifugo yao wakitafuta malisho. Watoto wao wamezaliwa huko na wamejiandikisha katika vijiji vya huko. Wakili anayejenga kesi yote juu ya neno "asili" anaweza kujikuta analitumia dhidi ya jirani wa mteja wake, na kesho yake jirani huyo akawa ndiye mteja. Ndiyo maana wakili mwenye busara huiacha bendera hiyo nje ya mahakama na kuingia na kitu kingine: kijiji.

Kesi zilizotangulia zinampa sababu. Katika miaka ya 1980, Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw wilayani Hanang, pamoja na wanakijiji 67, waliishitaki NAFCO, shirika la umma lililokuwa likilima ngano katika maeneo ya malisho ya Wabarabaig kwa msaada wa Canada. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mahakama ya Rufani ikautengua. Sababu hazikuwa kwamba Wabarabaig hawakuwahi kulisha mifugo Hanang. Mahakama iliona kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa eneo lile kwa utaratibu wa sheria ya vijiji ya wakati huo, na kwamba wadai hawakuthibitisha, mmoja baada ya mwingine, kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria na kuwa kila mmoja alikuwa na haki ya kimila. Kwa maneno mengine, watu walishindwa kwa kukosa karatasi na mashahidi juu ya jambo ambalo kila mtu Hanang alilijua.

Wafugaji wa Kimasai walioondolewa katika Mbuga ya Mkomazi hawakupata zaidi. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufani ilikataa kuwarejesha, ikiona kwamba ushahidi haukuonyesha kuwa wao ndio waliotangulia kuikalia ardhi hiyo. Hoja ya kutangulia ina hatari hiyo. Anayeitoa hulazimika kuithibitisha, na karibu kila mahali Afrika Mashariki kuna mtu mwingine anayeweza kusema kuwa alifika mapema zaidi.

Mlango uliofunguka ni wa shauri la Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, lililotoka Mbulu, mkoani Arusha wakati huo. Sheria ya mwaka 1992 ilikusudia kufuta haki za kimila za watu waliopoteza mashamba yao wakati wa Operesheni Vijiji. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba haki ya kukalia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba kumnyang'anya mtu ardhi aliyoiendeleza kwa jasho lake bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Miaka mitano baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji iliweka wazi kwamba haki ya kimila ina hadhi na nguvu sawa na hati inayotolewa na Kamishna wa Ardhi. Haki hiyo haimuulizi mtu babu yake alitoka wapi. Anachopaswa kuonyesha ni jinsi alivyoipata ardhi na jinsi anavyoitumia.

Majirani wameweza kwenda mbali zaidi, lakini kwa njia ndefu. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek wa msitu wa Mau, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya Sh157.85 milioni za Kenya pamoja na kutambuliwa ardhi yao. Mwanakijiji wa Nkasi au Kalambo hawezi leo kuifuata njia hiyo peke yake. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, na hatua hiyo ilianza kutumika Novemba 22, 2020. Iliyobaki ni Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo nayo hutaka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu tukio kutokea. Vijiji vya Loliondo, kikiwamo Ololosokwan, vilifungua shauri huko mwaka 2017. Vilishindwa Septemba 2022, na Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikaifuta hukumu hiyo na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Hiyo ni miaka sita kurudi mahali pa kuanzia.

Kazi huanza kijijini

Kwa sababu hizo, sehemu kubwa ya kesi ya ardhi Ufipa hufanyika kabla ya hati ya madai kuandikwa. Wakili huenda kijijini na kuomba kuona kitabu cha kumbukumbu za vikao. Maswali yake ni makavu. Je, kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji? Mipaka yake ilikubaliwa na vijiji jirani, na nani alitia saini? Je, kuna mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa kwa mujibu wa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, na kama upo, eneo linalogombewa limeandikwa nini humo? Neno "akiba" au "malisho" katika mpango huo lina thamani kuliko hotuba ya saa nzima. Neno "wazi", lililoandikwa na ofisa aliyekuwa na haraka, linaweza kukigharimu kijiji.

Kisha hufuata majani. Wakili hutembea shambani na wazee, akiandika majina ya waliolima kila kipande, mwaka waliokiacha na zao la mwisho. Matuta ya zamani hayapotei upesi, hivyo alama zake ardhini hupigwa picha. Mahame yaliyoachwa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, makaburi, miti ya matunda iliyobaki peke yake katikati ya nyasi, yote huwekwa kwenye ramani. Siku hizi simu ya mkononi inatosha kupata alama za eneo, ingawa bado atahitajika mpimaji wa kuithibitisha ramani yenyewe mbele ya mahakama.

Katika hatua hii ndipo makosa mengi hutokea, na si yote ya wanakijiji. Ni rahisi kwa wakili kuwasikiliza mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, akanywa chai nao na kuondoka akiamini kuwa amesikia kijiji. Lakini ardhi nyingine za vijiji zimepotea kwa mihuri ya ofisi hizo hizo. Sheria imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia ardhi kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wazima. Iwapo Rais anakusudia kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla au ya hifadhi, mkutano mkuu una mamlaka ya kukubali au kukataa pale eneo lisipozidi hekta 250. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na uamuzi huwa wa Waziri. Fidia nayo hutakiwa kukubaliwa kabla ya ardhi kuhamishwa.

Hivyo swali la nani aliitisha mkutano, nani alihudhuria na kura zilihesabiwaje si la utaratibu tu. Muhtasari wenye saini 30 katika kijiji cha watu 2,000 huanza kunuka mara unapofunguliwa. Vivyo hivyo muhtasari usio na jina la mwanamke hata mmoja, ilhali wanawake ndio walio shambani siku nyingi zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Wakili asiyezungumza na wanawake hupoteza mashahidi wake bora, kwani wao ndio wanaokumbuka shamba gani lilitoa maharage mwaka gani.

Mfano ulio karibu na mji unajulikana na kila mkazi wa Sumbawanga. Mgogoro wa shamba la Malonje, lililokuwa mali ya umma kabla ya kubinafsishwa, umewakutanisha wananchi wa vijiji jirani na mmiliki mpya kwa miaka mingi, na wabunge wa Rukwa wameufikisha bungeni zaidi ya mara moja. Ukitazamwa kisheria, mgogoro wa aina hiyo una ugumu wake: shamba la serikali lilikuwa na hati tangu zamani, na wakulima waliolima ndani au pembezoni mwake wanapaswa kuonyesha walikuwa na haki gani kabla na baada ya mauzo. Aliyeanza kulima baada ya shamba kutelekezwa hana hoja sawa na yule ambaye familia yake ilihamishwa. Kuwaweka wote katika hati moja ya madai, kwa sababu wote wana hasira moja, ni kumpa wakili wa upande wa pili zawadi.

Ngazi zenye utelezi

Ushahidi ukishapatikana, swali linalofuata ni wapi pa kuupeleka. Mgogoro kati ya wanakijiji wenyewe huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye kazi ya kusuluhisha. Baraza la Kata lilikuwa na mamlaka ya kuamua kesi ndogo, lakini mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo, nalo sasa husuluhisha tu. Baada ya siku 30 bila mwafaka, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kutoka hapo rufaa huenda Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Sumbawanga. Zamani safari ilikuwa ya Mbeya, zaidi ya kilomita 300, na wazee wengi wa Rukwa waliachia haki zao kwa kushindwa nauli.

Mambo hubadilika pale upande wa pili unapokuwa serikali. Kwa mabadiliko ya mwaka 2020, serikali za mitaa zinahesabiwa kuwa serikali katika mashauri ya madai. Anayetaka kuishitaki halmashauri ya wilaya, au hata halmashauri ya kijiji chake, anapaswa kutoa notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kufungua shauri Mahakama Kuu. Mkulima anayedai kwamba viongozi wa kijiji wamemuuzia jirani ekari zake tatu sasa anapita mlango ule ule anaopita mkandarasi anayeidai wizara mabilioni. Ikiwa trekta tayari limefika shambani, siku 90 ni msimu mzima wa kulima, hivyo kazi ya kwanza ya wakili huwa kuomba amri ya kuzuia mambo yasibadilike wakati notisi inahesabika.

Kuna mitego mingine. Wanakijiji 200 hawawezi tu kumtaja mmoja wao na kuandika "na wenzake". Inatakiwa ruhusa ya mahakama ya kufungua kesi ya uwakilishi, yenye orodha ya majina na saini zinazoonyesha kwamba wenzake walimtuma kweli. Madai ya kurudishiwa ardhi hufa baada ya miaka 12. Na hata ushindi unaweza kuyeyuka kwa kosa lisilo la mteja: katika hukumu zilizotolewa Mbeya mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ilifuta mienendo ya mabaraza ya wilaya kwa sababu maoni ya wazee wa baraza hayakusomwa mbele ya wadaawa. Kesi zikaanza upya, pengine na mashahidi waliokuwa wamekwisha kufariki. Wakili mzuri wa ardhi, kwa hiyo, ni yule anayemkumbusha mwenyekiti wa baraza kusoma maoni hayo, hata kama kwa kufanya hivyo anachelewesha ushindi wake mwenyewe kwa wiki moja.

Maji, misitu na kisu chenye makali mawili

Sheria ya mazingira ilifika mahakamani kwa njia ya takataka. Mwaka 1988 mkazi wa Tabata, Joseph Kessy, aliishitaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa moshi na harufu ya dampo, na Jaji Lugakingira akakataa kuiongezea Jiji muda, akisema kuwaweka watu katika hatari hiyo ni kinyume cha haki ya kuishi iliyo katika Ibara ya 14. Jiji lilipohamishia taka Kunduchi Mtongani, Festo Balegele na wenzake 794 walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1991 na kushinda. Moja ya silaha zao ilikuwa karatasi ya Jiji lenyewe, yaani ramani ya mipango miji iliyoonyesha kuwa eneo lile ni la makazi.

Mwaka 1994 ilianzishwa asasi ya wanasheria wa mazingira inayofahamika kama LEAT, Rugemeleza Nshala akiwa mmoja wa waasisi. Ilianza kwa wanasheria wachache. Ilipowatetea wanakijiji wa delta ya Rufiji dhidi ya mradi mkubwa wa ufugaji wa kamba ulioidhinishwa na serikali mwaka 1997, kinyume na ushauri wa Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira, ilichanganya hoja tatu ambazo hadi leo ndizo mfumo wa kazi wa ofisi ndogo: ardhi ya kimila, uhalali wa tathmini ya mazingira na wajibu wa serikali kuwasikiliza wananchi. Mradi ule haukujengwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilirahisisha mambo kadhaa. Ilitamka haki ya kila mtu kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, ikamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuitetea, na ikaweka tathmini ya athari kwa mazingira kuwa sharti la miradi mikubwa. Kwa upande wa mashauri ya kikatiba mlango ulipungua mwaka 2020, pale sheria ilipomtaka mlalamikaji aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Kwa kijiji hilo si gumu sana, kwa kuwa anayekunywa maji ya mto uliochafuliwa ana cha kuonyesha. Wanaoumia zaidi ni wanaharakati wa mbali.

Lakini Ufipa, sheria hii hukata pande zote mbili. Mvua inayonyesha uwandani huteremka bondeni hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea, hivyo udongo unaosombwa juu huishia humo. Misitu ya milima ya Mbizi, juu ya mji wa Sumbawanga, ni chanzo cha maji. Kuilinda ni jambo la lazima. Katazo la shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa lina mantiki. Tatizo ni kwamba aliye rahisi kukamatwa ni mama mwenye bustani ya mboga bondeni, wala si shamba kubwa linalofyeka mteremko mzima. Wakili wa kijiji, kwa hiyo, hujikuta asubuhi akiinukuu sheria ya mazingira dhidi ya kampuni, na mchana akiwatetea wateja wale wale dhidi ya sheria hiyo hiyo. Njia ya kutoka, pale inapopatikana, ni kijiji kutenga chenyewe msitu wake na vyanzo vyake vya maji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kuandika sheria ndogo kabla hajaja mtu mwingine kukiandikia.

Faida ya hatua hiyo imeonekana mkoa jirani wa Katavi. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vimekuwa vikipata fedha za biashara ya kaboni kwa kuhifadhi misitu ya milima ya Ntakata, fedha zilizojenga madarasa na zahanati. Vijiji hivyo viliweza kuingia mkataba kwa sababu vilikuwa na ardhi iliyopimwa na misitu iliyotengwa kisheria. Tangu serikali itoe kanuni za biashara hiyo mwaka 2022, mikataba ya namna hiyo inaweza kufika popote penye miti, nayo huwa ya miaka mingi. Kuisoma kabla ya kusainiwa ni kazi ya saa chache. Kuivunja baadaye ni kazi ya miaka.

Chini ya bonde kuna jambo jingine. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwapo kwa gesi ya heli katika bonde la Rukwa, wakikadiria futi za ujazo bilioni 54 katika sehemu moja tu. Leseni ya madini si hati ya ardhi. Mwenye leseni bado anahitaji ridhaa ya mtu aliye juu ya ardhi hiyo pale kazi inapokaribia nyumba au shamba lake, na fidia ya mazao hulipwa kwa kilichohesabiwa. Hapo linarudi swali la majani. Mthamini huhesabu mahindi na miti ya maembe. Shamba lililopumzishwa mwaka wa tatu halina cha kuhesabiwa, isipokuwa mtu awe ameliandika mahali.

Gharama za kuandika huko ndizo zinazobaki kuwa kizingiti. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, na wale walioko vijijini wanaweza kukusanya majina, kunakili mihtasari na kuwaandaa mashahidi kwa gharama ndogo kuliko wakili atakayetoka mjini. Vijiji vingine huchangishana debe la mahindi kwa kila kaya. Ofisi nyingine hukubali malipo kwa awamu, baada ya mavuno, na huhesabu kesi moja ya kijiji kuwa imelipiwa na kesi tano za benki. Bajeti ya shauri la namna hii, likiandikwa kwa ukweli, haianzi na ada ya wakili. Inaanza na nauli za wazee wanne kutoka bondeni hadi Sumbawanga, chakula chao, na mahali pa kulala endapo shauri litaahirishwa.